Mshenga wa Nyimbo

Mwezi wa Mei 2025, siku ile ilipofika habari kwamba Charles Hilary amefariki dunia huko Zanzibar, nilikuwa nimeketi kwenye kibaraza cha kahawa hapa Mnero pamoja na wazee wenzangu watatu. Mmoja wetu alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Basi, nyumba imepungukiwa na mtu." Sisi tulimwelewa. Kijana aliyekuwa karibu yetu hakumwelewa. Akauliza kwa adabu, maana ni mtoto aliyelelewa vema: "Samahani babu, huyu marehemu hasa alifanya nini? Si alikuwa akitangaza tu nyimbo za watu na mipira ya watu?"

Hakuna aliyemjibu. Wenzangu walinyamaza kwa kuudhika, na mimi nilinyamaza kwa sababu nyingine. Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema kwa kinywa changu mwaka 1983, karibu hivyohivyo yalivyo, nikimwambia mtu ambaye yalimkata maini. Tangu siku ile ya kahawa nimekuwa nikitafuta jibu ambalo kijana angelistahili kupewa, na ambalo yule wa kwanza alilistahili zaidi.

Kwanza nikiri kwamba swali halikuwa la kipuuzi. Seremala akifa huacha viti na milango. Mkulima huacha mikorosho, na wajukuu huokota korosho chini yake miaka arobaini baadaye. Mwimbaji huacha wimbo. Mtangazaji wa muziki huacha nini? Wimbo si wake, gitaa si lake, hata santuri ni mali ya ofisi. Chake ni yale maneno machache yaliyo kati ya wimbo mmoja na mwingine, nayo hupotea hewani kabla mpiga ngoma hajaanza. Ikiwa maana ya kazi ni kutengeneza kitu, basi mtu huyo amekula mshahara wa bure maisha yake yote. Hivyo ndivyo nilivyofikiri mimi, na nilijiona nina akili.

Msomaji aliyezaliwa juzi hana budi kuelezwa redio ilikuwa nini kwetu sisi wa Kusini. Kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003, masika yakishika barabara ya Kibiti kwenda Lindi ilikuwa ikikatika, na magari yakilala njiani siku nyingi. Reli ile iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao wa karanga wa Nachingwea ilikwisha kung'olewa katika miaka ya 1960. Gazeti likifika Mnero lilikuwa limekwisha kuwa historia. Kilichobaki ni redio, na redio ilikuwa moja tu: Radio Tanzania Dar es Salaam. Mpaka mwaka 1994 zilipoanza stesheni za watu binafsi huku Bara, hapakuwa na mahali pengine pa kugeuza kitufe isipokuwa kusikiliza nchi za jirani na idhaa za mbali usiku, zenye mkwaruzo mwingi. Betri zilikuwa za shida. Zikichoka zilianikwa juani kama mhogo, zikapata uhai wa nusu saa, na nusu saa hiyo ilipangiwa matumizi kwa makini kuliko fedha.

Sisi tulitumia yetu kwa taarifa ya habari, ile iliyotanguliwa na ngoma, na kwa matangazo ya vifo. Matangazo haya ndiyo yaliyonifundisha uzito wa sauti, ingawa somo nililielewa kwa kuchelewa. Fulani wa Nachingwea, popote alipo, anaarifiwa kwamba mama yake mzazi amefariki. Fulani huyo pengine alikuwa ameketi mbele ya redio akisubiri muziki. Mtangazaji hakumjua yeye wala mama yake. Lakini alilisoma jina lile polepole, akalitamka kama lilivyotamkwa nyumbani, akanyamaza kidogo kabla ya jina lililofuata. Nilimwona mtu mzima akiinuka kwenye mkeka baada ya tangazo la namna hiyo, akaishukuru redio kama anavyoshukuriwa mjumbe aliyekuja kwa miguu. Na baada ya robo saa sauti ileile ilikuwa ikitutambulishia bendi ya dansi, nasi hatukuona ajabu. Mtu wa nyumbani ndiye pekee anayeweza kuleta msiba na furaha siku moja bila kuonekana hana haya.

Nimesema "akitutambulishia", na neno hilo ndilo ninalotaka kukaa nalo. Katika mila zetu yuko mtu ambaye kazi yake yote ni kutambulisha, naye ni mshenga. Mshenga haoi, hazai wala halipi mahari ya mfuko wake. Ukimtazama juu juu utasema ni mpita njia aliyejialika penye pilau. Lakini muulize mzazi wa binti. Mlango haukufunguliwa kwa ajili ya kijana yule, maana kijana hajulikani; umefunguliwa kwa sababu ya yule mzee aliyemtangulia, anayejulikana na wote kwamba hasemi asilolijua. Mshenga ameikopesha heshima yake kwa mgeni. Kijana akigeuka kuwa mlevi na mpigaji, mke atarudi kwao, lakini aliyefilisika ni mshenga, kwani hodi yake haitaitikiwa tena.

Mtangazaji wa muziki ni mshenga wa namna hiyo. Mfano wangu bora ni huyuhuyu Charles Hilary. Alianza Radio Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wengi walimjua kwanza kwa mpira wa miguu. Baadaye akawa Radio One, na huko akajipatia jina la Mzee wa Macharanga kwa kipindi chake cha muziki wa charanga. Hebu fikiri jambo hilo lilivyokuwa gumu. Charanga ni muziki wa Cuba, wa filimbi na fidla. Bendi yake mashuhuri, Orquesta Aragón, iliundwa mji wa Cienfuegos mwaka 1939. Unaimbwa Kihispania. Katika wasikilizaji wake sidhani kama mmoja kwa elfu alijua lugha hiyo. Mwenzangu wa kibaraza cha kahawa, fundi baiskeli, hajawahi kuvuka Rufiji, lakini mpaka leo anapiga mluzi wa nyimbo zile na kutingisha bega moja kama mtu aliyezaliwa Havana. Nani aliyemwoza? Si Wacuba, kwani Wacuba hawamjui. Alikuja mtu aliyekwisha kuaminika kwake, akamwambia kwa Kiswahili safi: huyu ninayekuletea nimekaa naye, ni mtu mwema, mkaribishe.

Wenye elimu ya muziki wanaweza kusema kwamba mgeni yule hakuwa mgeni kabisa, kwamba midundo ya Cuba ilibebwa na mababu wa Kiafrika ndani ya majahazi ya utumwa, na kwamba santuri za kampuni ya HMV zenye alama ya GV zilianza kuirudisha Afrika tangu 1933 na kuwapa Wakongo rumba yao. Ni kweli. Lakini hata ndugu aliyepotea miaka mingi huhitaji mtu wa kumwingiza ndani na kusema ni mtoto wa nani.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Nikiwa kijana nilimsikia Jim Reeves kwenye santuri, yule Mmarekani mwenye sauti nzito ya taratibu aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964, na muziki wake wa kantri, yaani wa mashamba ya kwao, ukapendwa Afrika Mashariki yote, Kenya zaidi. Muziki huo nao ulikuwa na washenga wake. Mji wa Nashville una redio iitwayo WSM yenye nguvu ya wati 50,000, na hapo Ralph Emery alitangaza usiku kuanzia 1957 hadi 1972, akisikilizwa na madereva wa malori na watu wasiolala, kisha akahamia televisheni na kuwa na kipindi cha kila usiku kuanzia 1983 hadi 1993. Alikufa Januari 2022 akiwa na miaka themanini na minane. Hakuwa mwimbaji mkubwa. Lakini waimbaji wakubwa walipita kwake kama wachumba wanaopita kwa mshenga.

Katika muziki huo kuna kisa ambacho nimekifikiria sana. Mwaka 1966 kampuni ya RCA ilianza kutoa santuri za Charley Pride, mwana wa mkulima wa pamba wa Mississippi, mtu mweusi aliyeimba nyimbo zilizohesabiwa kuwa za wazungu. Santuri zake za kwanza zilipelekwa redioni bila picha. Watangazaji wakaisikia sauti, wakaipenda, wakaitambulisha kwa wasikilizaji wao. Ngozi ilipojulikana, nyimbo zilikuwa zimekwisha kuingia ndani na kuketi. Kwanza niliona kampuni imefanya ujanja, hata nikachukia kidogo kwamba uso wa mtu ulifichwa kama kasoro. Bado nachukia. Lakini naona pia jambo jingine: watangazaji wale hawakudanganya mtu. Walithibitisha kile walichokisikia kwa masikio yao wenyewe, na walichokisikia kilikuwa kweli. Waliodanganyika ni wale waliodhani wanajua mwimbaji wa nyimbo hizo lazima aweje.

Basi mshenga anaruhusiwa kusema nini, na akatazwe nini? Hapa ndipo penye shida. Uovu wa mshenga ni kula. Marekani mwaka 1959 na 1960 Bunge lao lilichunguza watangazaji waliopewa fedha kwa siri ili wapige nyimbo fulani na kuzisifu. Alan Freed, aliyelieneza jina la rokenroli kuliko mtu yeyote, alipoteza kazi, na mwaka 1962 akakiri kosa mahakamani. Sitaki kumtaja mtu wa kwetu, ila wasikilizaji wa kwetu nao wana masikio. Wimbo ukisifiwa kwa bahasha, mtangazaji hakuuza muda wa redio tu. Ameuza kitu ambacho kwa nusu ni mali ya msikilizaji, kwani ni msikilizaji aliyemwamini.

Ngumu zaidi ni ile ya bunduki. Mtangazaji wa Kenya, Leonard Mambo Mbotela, alikuwa na kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, tangu 1966. Alikuwa akiwauliza watu kuhusu mambo madogo ya tabia: huyu aliyefanya hivi, je, huo ni ungwana? Alfajiri ya Jumapili, Agosti 1, 1982, askari wa jeshi la anga waliokuwa wakiipindua serikali walimtoa nyumbani kwake Nairobi, wakampeleka Sauti ya Kenya, wakamtaka atangaze kwamba serikali imeanguka. Akatangaza. Baada ya saa chache jeshi likaitwaa tena stesheni, na yeye huyohuyo akatangaza kwamba serikali ipo. Kiongozi wa waasi, Hezekiah Ochuka, alikimbilia huku kwetu Tanzania, ndiyo maana habari hiyo ilizungumzwa sana hata katika ofisi za walimu vijijini.

Ofisini kwetu mimi nilisema: kasuku. Asubuhi anasema hili, jioni anasema lile, na yote kwa sauti nzuri. Walimu wakacheka. Mmoja hakucheka.

Leo nayaona mambo vingine. Wale askari walikuwa na bunduki, walikuwa na ndege za vita. Mbona wakatafuta nyumba ya mtu wa vipindi? Wangeweza kumsimamisha mmoja wao mbele ya kipaza sauti akasoma karatasi. Walijua, kuliko nilivyojua mimi mwalimu, kwamba nguvu haiingii ndani ya nyumba za watu bila mshenga. Walikwenda kumwibia mtu kitu alichokuwa amekilimbikiza miaka mingi, kidogo kidogo, kwa kuuliza maswali ya adabu na kutamka majina ya watu vizuri. Na mtu hahesabiwi kuwa mwongo kwa fedha iliyotoka mfukoni mwake akiwa ameshikiwa silaha. Ushahidi wangu ni Wakenya wenyewe, waliendelea kumsikiliza kwa miaka mingi baadaye. Alifariki Februari 2025, miezi mitatu tu kabla ya Hilary.

Sijui nisemeje juu ya mshenga anayekwenda kwa hiari yake kusema kwa niaba ya wakubwa. Hilary, baada ya Sauti ya Ujerumani, BBC ya London na Azam, alimalizia kazi yake Ikulu ya Zanzibar, akiwa mkurugenzi wa mawasiliano kuanzia 2021 na msemaji wa serikali. Wazee wenzangu hawaoni tatizo: serikali nayo inahitaji mtu wa kuitambulisha, na afadhali anayetamka vizuri. Mimi nina wasiwasi kidogo, si juu yake yeye, ila juu yetu wasikilizaji. Kwamba tukimwamini mtu kwa filimbi na fidla tunaendelea kumwamini hata anaposoma taarifa, bila kujua tumevuka mpaka gani. Wasiwasi huo nauacha hapo.

Nirudi kwa yule ambaye hakucheka. Alikuwa mwalimu kijana katika shule ya msingi niliyokuwa mwalimu mkuu, na jina lake silitaji. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu, ndani yake ameorodhesha bendi, Morogoro Jazz, Nuta Jazz, Safari Trippers, wapigaji wao, na mwaka wa kila wimbo kwa kadiri alivyoweza kuupata. Jioni aliwatangazia watoto mpira wao kwa kipaza sauti cha bati alichokikunja mwenyewe, na wanakijiji walikuja si kwa ajili ya mpira. Mimi sikwenda. Nilikuwa na maandalio ya masomo ya kukagua.

Mwaka 1983 alikuja nyumbani kwangu jioni, akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia aketi. "Shikamoo Mwalimu Mkuu. Nina ombi." Alitaka kuomba kazi redioni Dar es Salaam na alihitaji barua yangu ya kumthibitisha. Nilimweleza kwamba nchi imetangaza elimu ya msingi kwa wote tangu 1977, madarasa yamejaa na walimu hawatoshi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa haki. Lakini nikaongeza kwamba kutangaza nyimbo za watu si kazi ya mtu mzima, na kwamba sitatia sahihi yangu kwenye jambo nisiloliamini. Akasema, "Nimekuelewa, Mwalimu Mkuu," akaniaga vizuri. Alifundisha pale na kwingineko hadi alipostaafu. Hakuwa mwalimu mbaya.

Alipofariki nilipewa nisome wasifu wake, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wake wa kazi. Nikajikuta nimesimama mbele ya watu mia tatu bila kipaza sauti, nikitambulisha mtu kwa mara ya mwisho, na watu wa nyuma wakapiga kelele kwamba hawasikii. Nilikuwa na tarehe zote: kuzaliwa, chuo cha ualimu, vituo vya kazi. Sikuwa na kitu kingine.

Baada ya mazishi kaka yake alikuja kukaa nami chini ya mwembe. Nilimwomba radhi kwa ile barua. Sijui alikuwa anaikumbuka, lakini aliikumbuka. Akasema marehemu hakunikasirikia. Alikuwa akiwaambia kwamba Mwalimu Mkuu alimtendea kiungwana, maana angeweza kuandika sifa za uongo ili amwondoe mlangoni, naye akakataa kuthibitisha asilolijua.

Kaka yake alidhani ananifariji. Kwa hoja yangu mwenyewe niliyoieleza hapo juu, hata nilikuwa na haki: mshenga asiyeamini asibebe posa. Lakini mshenga anayeombwa huenda kwanza kumtazama kijana, akamwuliza habari zake, akamsikia anavyozungumza, ndipo akasema naamini au siamini. Uwanja ule wa mpira ulikuwa hatua mia mbili kutoka mlango wangu. Nilikaa naye shule moja miaka sita, na sikupata kumsikia akitangaza hata dakika moja.